Mota za spidi mbili zinasukwa zikiwa nzima

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi umeme wenzangu wa viwandani, na zaidi na mabosi wanaosaini gharama za kusuka mota, yaani kutoa koili za waya za zamani na kutia mpya.

Karibuni niliitwa kiwanda kimoja hapa Tanga kuangalia feni ya mnara wa kupoza maji. Spidi ndogo ilizunguka vizuri, lakini ukiiweka kubwa ovalodi, kinga ya mota isivute umeme kupita kiasi, inakata. Fundi wa zamu alishachomoa nyaya na kupima kwa mita, na terminali zote sita zikalia, hii kwa ile, maana mita hulia inapopata njia ya umeme. Akaandika kwenye daftari: "Koili zimegusana, isukwe." Boliti zilikuwa zimeanza kulegezwa.

Ingekuwa mota ya staa-delta, ile ya kawaida ya spidi moja, asingekosea. Ile ina koili tatu zilizojitenga, kwa hiyo mita inalia kwa jozi tu: U1 na U2, V1 na V2, W1 na W2. Hii ilikuwa ya Dahlander, mpangilio wa spidi mbili wa mhandisi wa Uswidi mwenye jina hilo, tangu mwaka 1897. Msuko ni mmoja, ila kila fezi imetolewa waya katikati, na sita zote kulia ndiyo uzima wake. Zipo pia zenye misuko miwili, mathalani ya mizunguko 1500 na 1000 kwa dakika. Hizo hulia kwa makundi mawili ya tatu-tatu, na kundi likigusana na jingine, hapo kweli pana kesi.

Kibati cha maelezo ya mota kingemwambia yote, ila kilipakwa rangi ya kijani pamoja na mota nzima. Mgeni mkubwa akitangazwa kuja, viwanda vyetu hupaka rangi hata visivyotakiwa. Nilikikwangua pole pole: mizunguko 1450/720 kwa dakika, ampea za aina mbili, alama ya Y/YY, yaani staa kwa spidi ndogo na staa mbili kwa kubwa. Mega, mita ya kupima kama umeme unavuja, ya volti 500 kati ya msuko na bodi ikasoma vizuri. Tukarudisha nyaya, tukawasha spidi kubwa, nikapima ampea za fezi moja moja kwa mita ya kubana waya. Moja ilivuta umeme mdogo mno kuliko wenzake.

Hapo nikaiacha mota nikaenda kwenye paneli. Spidi kubwa inahitaji kontakta (swichi za sumaku-umeme) mbili: moja inapeleka umeme kwenye terminali 2U, 2V na 2W, nyingine inazifunga pamoja 1U, 1V na 1W. Hiyo ya pili, konteki yake moja ilikuwa imeungua na haigusi. Tulibadilisha kontakta na feni ikapanda spidi bila ovalodi kukata.

Kama ingeshushwa, ingesukwa kwa fedha nyingi, na pengine ingerudi ya spidi moja, maana ndiyo rahisi kusuka. Feni ikizunguka nusu ya spidi hula takriban moja ya nane ya nguvu, na kiwanda kile huiendesha taratibu usiku kucha. Bili ingepanda na hakuna ambaye angeihusisha na mota. Najua wapo watakaosema tununue inveta, kifaa cha kubadili spidi ya mota kwa elektroniki. Nzuri, mwenye fedha anunue, lakini mota nzima haina sababu ya kuuzwa chuma chakavu.

Ombi langu kwa mameneja: msiidhinishe kusuka mota yenye terminali sita kabla fundi hajawaonyesha kibati kinasema nini, na paneli imepimwa ikoje. Wasukaji nao wachore muunganisho wa awali kabla ya kukata waya hata mmoja. Wakati wa kufunga, mzunguko uangaliwe kwa spidi zote mbili, kwa sababu fezi zikipishana upande mmoja, feni itageuka kinyume unapobadili spidi. Na mchoro ubandikwe ndani ya mfuniko wa boksi la terminali, ambako brashi ya rangi haifiki.

Fundi umeme wa viwandani,
Tanga