Tunaombea chakula lakini hatuulizi kimepatikanaje

Ndugu Mhariri,

Bwana Yesu asifiwe. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee mti mmoja wa huku Vermont, Marekani, ninakoishi, maana kila mwaka ikifika Machi huu mti unanihubiria.

Unaitwa mepo wa sukari. Jani lake ni kama lile jekundu la kwenye bendera ya Kanada. Wakati wa joto majani yanatengeneza chakula na mti unakiweka akiba kwenye shina na mizizi, halafu baridi inakuja majani yote yanapukutika, theluji mpaka magotini, ukiuangalia unasema huu umeshakufa. Sasa kuanzia mwisho wa Februari hivi mpaka Aprili, usiku bado ni barafu lakini mchana jua linatoka barafu inayeyuka, hapo ndo maji yanaanza kutembea ndani ya mti na ile akiba imeshageuka sukari. Watu wanatoboa tundu dogo, kina chake kama sentimita 5, wanachomeka kibomba na maji yanadondokea kwenye ndoo, siku hizi wengi wanatumia mipira ya plastiki inayoteremka mlimani hadi kwenye tangi. Maji yenyewe ukiyaonja utamu unausikia kwa mbali sana kwasababu sukari ni asilimia 2 tu, kwahiyo unachemsha lita kama 40 ndo upate lita 1 ya sirapu, yaani maji mazito matamu kama asali. Lita 40 jamani! Kuni zinawaka mchana na usiku, kibanda kizima ni mvuke.

Na huu mti hauguswi ukiwa mdogo, unasubiriwa miaka 30 hadi 40, na mwaka unaofuata hawatoboi palepale, wanahamia upande mwingine lile tundu lizibe lenyewe. Wagema wetu wa mnazi hilo wanalielewa, ukikosea kisu kwenye kilele mnazi umeuua. Ndo maana kuna miti huku babu aligema na leo kitukuu anagema na bado imesimama. Zaburi 104:16 inasema miti ya Bwana imeshiba, mimi nimeanza kuielewa hiyo aya huku kwenye theluji. Na tusisahau waliokuwa wanajua haya kwanza ni wenyeji wa asili kama Waabenaki, Wazungu waliwakuta wanatengeneza sukari hii tayari.

Lakini kilichonifanya niandike ni historia yake. Mwaka 1791 kulikuwa na daktari wa Philadelphia, Benjamin Rush, Mkristo aliyepinga utumwa, alimwandikia Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, barua ndefu akiusifia huu mti, sababu yake kubwa ni kwamba sukari ya miwa wakati huo ilitoka visiwa vya Karibi ikilimwa na Waafrika watumwa waliokuwa wanakufa kwa kazi na viboko, akaona kama watu watapata sukari ya mepo basi ile ya watumwa itakosa soko. Waquaker, kundi la Wakristo waliopinga utumwa, nao walikuwa wanaikataa sukari ya watumwa mezani kwao. Jefferson alipanda mepo shambani kwake Monticello mwaka huohuo ila haikustawi, na yeye mwenyewe maishani mwake alimiliki watumwa zaidi ya 600, sasa hapo mtu unabaki unasikitika tu.

Na sisi jambo hili linatuhusu kwa karibu. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, watu wa bara yetu wakapelekwa visiwa vya Mauritius na Réunion kwenye mashamba. Wapo waliokula matunda ya jasho lao huku wamefumba macho wanasema asante Mungu kwa chakula hiki, na walikuwa Wakristo kama sisi.

Hicho ndo kinaniuma. Sala ya mezani tunaijua sote, watoto wetu wanaisema haraka haraka chakula kisipoe, lakini ni nani kanisani anauliza hiki tunachokishukuru kimetoka kwa nani na amelipwa nini? Mungu katoa mvua, katoa udongo, katoa mti unaotoa utamu bila kukatwa, sehemu yake kaitimiza. Kinachobaki ni mikono yetu inachukuaje, na mimi naona shukrani ikiruka hapo haijakamilika, samahani kwa wachungaji wangu kama nimesema vikali.

Kwahiyo naomba makanisa, kwenye sikukuu ya mavuno mwaka huu, kabla ya mnada wa ndizi na kuku, mchungaji amsimamishe mkulima mmoja au kibarua mmoja wa shambani aeleze kazi yake ilivyo. Na wasomaji mlioko Kilombero, Mtibwa, Kagera na Mumias, tafadhali tuandikieni humuhumu gazetini, mkata miwa anaamka saa ngapi, kwa siku anapata shilingi ngapi, na akiumia panga nani anamtibu?

Msomaji wako,
Burlington, Vermont, Marekani