Kabla Bi Mkubwa hajatua Houston

Katy, nje kidogo ya Houston, Jumapili alasiri

Mpendwa Mama Salma,

Assalaam alaykum. Za Alief, za watoto, za kazi za usiku? Huku hatujambo. Baba Tariq anakusalimia, na ule unga wa mtama umefika, ahsante sana, ingawa Rukia alikwishachukua nusu yake pale mlangoni.

Sikupigi simu kwa makusudi. Haya nataka yawe kwenye karatasi uyabandike kwenye friji. Ujumbe wako wa sauti wa Alhamisi nimeusikiliza mara mbili. Umesema Bi Mkubwa, bibi yake Salma, anaingia kutoka Tanga katikati ya Juni, halafu ukaongeza kwamba mwaka huu huna haja ya kuhangaika na mambo ya vimbunga kwa sababu wametabiri msimu mdogo, El Niño inakuja. La kwanza limenifurahisha mno. La pili ndilo lililonikalisha hapa mezani.

Mwenzangu, utabiri wa msimu unahesabu bahari nzima, hauhesabu mtaa wako. Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado hutoa wao mwezi wa nne, NOAA, idara ya serikali ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, hutoa wao mwishoni mwa wa tano, na wote wanakadiria hasa jambo moja: dhoruba ngapi zitapewa majina katika Atlantiki yote kuanzia tarehe 1 Juni mpaka 30 Novemba. Wastani wa miaka ya 1991 hadi 2020 ni dhoruba 14, na kati ya hizo 7 hufikia kuwa vimbunga. El Niño huzipunguza kweli, pepo za juu hukatakata kichwa cha dhoruba kabla hakijasimama. Ndiyo hiyohiyo inayoweza kutumwagia vuli kubwa kwetu Tanga. Lakini mwaka 1983 Atlantiki nzima ilipata dhoruba 4 tu zenye majina, na mojawapo, Alicia, ikaingia Galveston tarehe 18 Agosti na kupanda mpaka Houston. Mwaka ule "mdogo" ulimsaidia nini aliyekuwa njiani?

Na kwa Bi Mkubwa hofu yangu si upepo. Ni joto la baada ya upepo.

Beryl ilipoingia karibu na Matagorda alfajiri ya tarehe 8 Julai 2024 ilikuwa ya daraja la 1, la chini kabisa. Zaidi ya wateja milioni 2 wa umeme hapa Houston na vitongoji vyake walibaki gizani, wengine zaidi ya wiki nzima. Mvua ikaondoka, jua likatoka, viyoyozi kimya. Kuna waliokufa kwa joto humohumo majumbani, na kuna waliokufa kwa hewa ya sumu ya jenereta. Kimbunga kilipita kwa siku moja. Joto lilikaa.

Najua atakachosema: "Mimi mtu wa Tanga, joto mtanifundisha nini?" Mwambie kwa adabu kwamba Juni kwao ni kusi, watu wanajifunika shuka usiku. Mwili hulizoea joto kwa wiki moja mpaka mbili: unaanza kutoa jasho mapema, jasho lenyewe jepesi lenye chumvi kidogo, na damu inaongezeka maji. Ukikaa wiki chache kwenye baridi, mazoea hayo yanapotea. Ndiyo maana joto la mwanzo wa kiangazi huangusha watu kuliko la Agosti lenye digrii zilezile. Naye akifika atakaa kwenye kiyoyozi kutwa, kwa hiyo mwili hautazoea chochote. Mtoe nje asubuhi na mapema, dakika 10 au 15 kivulini, uongeze kidogo kidogo. Akatae au akubali, mtoe.

Unyevu wa hapa ndio unaodanganya watu. Digrii 90 za Farenhaiti, yaani 32 za Selsiasi, zikikutana na unyevu wa asilimia 60, mwili unaziona kama 100, yaani 38. Jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi. Kwa sababu hiyohiyo usitegemee mtungi wa maji kupoza dawa zake. Mtungi unapoza maji yanapokauka kwenye ngozi yake, na kwenye hewa hii iliyoloa yanakauka kidogo mno. Na feni nayo, chumba kikizidi digrii 95 (35), inampulizia hewa iliyo sawa na joto la ngozi yake au zaidi. Mloweshe nguo kwanza, shingo na mikono, ndipo feni imsaidie.

Sasa insulini ya Bi Mkubwa. Chupa inaweza kukaa nje ya friji siku 28 ikiwa joto halizidi digrii 86 (30). Nyumba ya Houston isiyo na umeme mwezi wa saba inavuka hapo kabla ya adhuhuri. Tafuta kisanduku kizuri cha barafu, jaza friza vipande vya barafu vya mfuko tangu sasa, na umeme ukikatika funga chupa kwenye kitambaa kikavu ndipo uiweke juu yake. Isigusane na barafu: insulini iliyoganda hutupwa, hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Usiiache kwenye gari hata kwa dakika za kuingia dukani. Na kama anameza dawa za presha za kukojoza, zinamkausha maji haraka zaidi, na mtu wa umri wake kiu huiona imechelewa. Muulize daktari wake kabla hajapanda ndege: siku za joto kali afanyeje na dozi za dawa hizo?

Baba Nasra ameniambia atakuazima jenereta mwiweke kibarazani. Mshukuru, mkatalie. Jenereta inatakiwa ikae futi 20, kama mita 6, kutoka kila dirisha na kila mlango, na bomba la moshi lielekee mbali na watu. Kwenye apatimenti hiyo nafasi huna, na hata ukiipata, dirisha la jirani liko pale. Kaboni monoksaidi haina harufu, mtu anadhani amechoka kwa joto, analala. Na jiko la mkaa ni vilevile! Nakuomba sana kwenye hili, maana Bi Mkubwa umeme ukikatika atalitafuta jiko, na mvua ikinyesha ataliingiza ndani "kwa dakika mbili tu". Hapana, hata madirisha yote yakiwa wazi. Nunua king'ora cha betri cha kaboni monoksaidi, kiwe karibu na vyumba vya kulala.

Badala ya jenereta nunua betri kubwa ya kuchaji. Yenye wati-saa 300 inaendesha feni ya wati 20 kama saa 12, na simu juu yake. Usijaribu kuendeshea kiyoyozi. Hata kile kidogo cha dirishani kitaimaliza ndani ya saa moja.

Maji: galoni moja kwa mtu kwa siku. Mko wanne, wiki moja ni galoni 28, kama lita 106. Usinunue zote siku moja, chukua mbilimbili kila ukienda sokoni. Bafu lijaze kimbunga kikikaribia, hayo ni ya chooni, si ya kunywa. Friji isiyofunguliwa inashika baridi kwa muda wa saa 4, friza iliyojaa kwa saa 48, iliyojaa nusu yake kwa saa 24. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu. Mkirudi mkaikuta sarafu imezama chini, nyama yote tupa, hata kama imeganda tena.

Bima ya mafuriko. Uko chini kabisa ya jengo, na bima ya mpangaji uliyonayo kwa kawaida hailipi mafuriko. Ile ya mpango wa taifa inawakubali wapangaji kwa vitu vya ndani peke yake, lakini inaanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuinunua. Ukinunua kesho, ni Bi Mkubwa akiwa anafungua mabegi. Ukisubiri kimbunga kipewe jina, umechelewa. Mwaka 2017 Harvey ilimwaga zaidi ya inchi 60 kule Nederland, mji wa hapahapa Texas, na nyumba nyingi zilizofurika hapa Houston hazikuwa kwenye ramani ya hatari. Piga picha kila chumba, fungua makabati.

Kuhusu kukimbia: Alief haimo kwenye kanda za kuhamishwa za pwani, kwa hiyo usiingie barabarani kwa sababu tu umewaona wengine wamefunga virago. Mwaka 2005 kwa Rita watu walikimbia kwa wingi hata wasiohitaji, magari yakasimama kwenye jua, na zaidi ya 100 walikufa katika safari ile. Tena joto, unaona? Simu ikikuandikia "hurricane watch", yaani kimbunga huenda kikaja, una kama saa 48 kabla ya upepo mkali. "Warning", yaani kinatarajiwa, ni kama saa 36: mafuta, dawa, pesa taslimu. Na ile koni kwenye ramani inaonyesha tu njia ya kitovu, na kitovu hutoka nje yake karibu mara moja kwa kila tatu. Kuwa nje ya koni si kuwa nje ya kimbunga.

Narudi palepale. Umeme ukikatika na joto likapanda, usisubiri siku ya pili: Bi Mkubwa atoke, aje kwetu kama tuna umeme, au mahali pa kupoza watu. Piga 2-1-1, nambari ya msaada ya Texas, omba mkalimani, waulize palipo wazi. Kwa nambari hiyohiyo mwandikishe sasa kwenye STEAR, orodha ya jimbo ya wagonjwa na wazee wanaohitaji msaada wakati wa dharura. Si ahadi kwamba watakuja, lakini wajue yupo. Na kwa kuwa wewe usiku uko kazini, Salma ndiye atakayekuwa naye. Mfundishe hili: bibi akianza kuchanganya maneno, kuyumba au kuzimia huku mwili unawaka, ni 911 kwanza, halafu maji mwili mzima na barafu shingoni, makwapani na kwenye kinena. Asimnyweshe kitu ikiwa hana fahamu sawasawa.

Sasa nijibu. Atakuja na dawa za miezi mingapi, na cheti cha daktari anacho? Insulini yake ni ya chupa au ya kalamu? Salma yuko tayari kupiga 911 peke yake, kwa Kiingereza, bila kuogopa? Kiyoyozi chako kile kilichokuwa kinadondosha maji kimetengenezwa? Nani ana ufunguo wako wa pili? Baba Nasra utamwambia wewe au nimwambie mimi? Na Jumamosi uko huru twende kununua kile kisanduku?

Wako,
Mama Tariq