Usiuze ng'ombe kwa ajili ya baiskeli

Tegeta,
Dar es Salaam.

Rafiki yangu Baba Kulwa,

Salaam nyingi kutoka kwetu. Hatujambo, Mama Neema anakusalimu sana, na mzigo wa matobolwa, yale mapande ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, umefika salama. Nusu yake kijana wako Kulwa ameshaitia mfukoni akaenda nayo barabarani. Anasema biskuti za dukani zinamkaukia kooni, lakini matobolwa yanamshikilia hadi anarudi kutoka Bagamoyo.

Umeniuliza kama haya mambo ya baiskeli ni kazi au ni mchezo wa vijana, na kama uuze ng'ombe umnunulie baiskeli ya kaboni, zile nyepesi za mashindano. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu tutaharakishana.

Ni kazi, tena ya mkataba. Timu za daraja la juu kabisa duniani ni 18, zinaitwa WorldTour, na kima cha chini cha mshahara wa mwanamume aliyeajiriwa huko mwaka 2024 kilikuwa zaidi ya euro 40,000 kwa mwaka. Wanaoanza hupata pungufu ya hapo. Ukishuka mpaka daraja la tatu, shirikisho la dunia, UCI, haliwekei timu kima cha chini chochote. Wapo vijana huko wanaopewa baiskeli, chakula na mahali pa kulala, basi. Mikataba mingi ni ya mwaka mmoja au miwili, halafu unaanza tena kujieleza.

Jambo ambalo wengi hatulijui ni kwamba wengi wa watu hawa hawakuajiriwa ili washinde. Tour de France, mbio kubwa za kuzunguka Ufaransa, huanza na timu zaidi ya ishirini za watu wanane wanane, siku 21 za mashindano, na katika kila timu mmoja au wawili ndio wanaotafutiwa ushindi. Waliobaki wanafanya kazi. Wanakaa mbele kumvunjia upepo kiongozi wao, wanarudi nyuma kwenye gari la timu, wanajaza chupa za maji ndani ya fulana mpaka mgongo unavimba, kisha wanapanda nazo mpaka mbele kuwagawia wenzao. Kiongozi akipata pancha na gari liko mbali, msaidizi anachomoa gurudumu lake anampa. Zawadi ya mshindi wa Tour ni euro 500,000, na kwa desturi ya miaka mingi fedha hizo anawaachia wenzake na mafundi wa timu. Mimi nikisoma habari kama hizi namfikiria Kulwa, aliyekulia kwenye nyumba ya watu wengi akichota maji kabla ya kwenda shule. Kazi ya namna hii haiwezi kumshinda.

Miguu anayo, nayo ameitoa huko kwenu. Wewe mwenyewe unayajua mashindano ya baiskeli ya Kanda ya Ziwa, wanaume wanakwenda mamia ya kilometa kwa baiskeli za chuma zilezile zinazobeba mkaa. Tatizo lake liko kwingine, nami nimeliona kwa macho yangu.

Jumapili moja nilimfuata kwa bodaboda. Wanatoka kabla ya jua, kwa sababu malori na daladala zikishajaa Bagamoyo Road hakuna nafasi ya baiskeli. Walikuwa vijana watano. Kulwa akiwa peke yake mbele unampenda: mabega yametulia, miguu inazunguka bila kelele, hainuki kwenye siti hata pale Bunju barabara inapopanda. Alipotakiwa kukaa nyuma ya mwenzake, ikawa habari nyingine. Aliacha nafasi ya mita mbili, wakati mwingine tatu. Vidole havikutoka kwenye breki. Mwenzake akisogea kidogo kukwepa shimo, yeye anashtuka mpaka usukani unatikisika. Kwa kuacha nafasi ile anapigwa na upepo kana kwamba yuko peke yake, wakati anayekaa karibu na gurudumu la mbele, kwa kiasi cha kiganja tu, anaweza kupunguza nguvu anazotumia kwa theluthi au zaidi. Tulipofika Mapinga yeye aliyekuwa na nguvu kuliko wote ndiye aliyekuwa amechoka kuliko wote.

Hilo halitibiwi na baiskeli ya kaboni, Baba Kulwa. Linatibiwa na kuendesha ndani ya kundi, wiki hadi wiki, mpaka woga wa bega la jirani uishe.

Tazama Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufundwa na mwendesha baiskeli David Kinjah kule mji wa Kikuyu. Mapafu na miguu alikuwa navyo tangu ujana. Mwaka 2006 kwenye mashindano ya dunia ya vijana kule Salzburg, akiwa amevaa rangi za Kenya, hakufika mbali akamgonga msimamizi barabarani wakaanguka wote wawili. Ilimchukua miaka ya kukimbia Ulaya ndipo akaja kushinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017.

Sasa mtazame Biniam Girmay wa Eritrea, mtoto wa seremala, aliyezaliwa Asmara mwaka 2000. Kwao mashindano ya baiskeli yaliletwa na Waitaliano, mzunguko wa nchi nzima ulifanyika mara ya kwanza 1946, na mpaka leo watu wa Asmara wanasimama kandokando ya barabara kuangalia mbio kama sisi tunavyokwenda Uwanja wa Mkapa kwa ajili ya Simba na Yanga. Mtoto wa pale anaanza kugusana mabega na wenzake angali mdogo. Ndiyo maana Daniel Teklehaimanot aliweza kuvaa fulana ya mfalme wa milima, ya anayeongoza kwa kupanda, kwenye Tour ya 2015. Girmay alipofika kituo cha mafunzo cha UCI kule Aigle, Uswisi, akiwa na miaka 18, alikuwa na la kuongezea, hakuanza na sifuri. Machi 2022 akashinda mbio za Gent–Wevelgem, kwenye upepo na barabara za mawe za Ubelgiji. Mei akashinda siku moja ya Giro d'Italia, mbio za kuzunguka Italia, halafu kizibo cha chupa ya mvinyo aliyokuwa akiifungua jukwaani kikamruka jichoni na mashindano yakamwishia pale. Na mwaka 2024 akashinda siku tatu za Tour de France na kumaliza na fulana ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi, Mwafrika wa kwanza mweusi kushinda hata siku moja ya mbio zile.

Kuna jambo moja la Girmay nataka ulisikie kama mzazi. Timu yake ya kwanza ya kulipwa, Delko ya Ufaransa, iliishiwa fedha mwaka 2021, akalazimika kutafuta nyingine katikati ya msimu. Na baada ya ule ushindi wa Ubelgiji, wakati kila mtu anamtaka abaki kwa mbio za wiki inayofuata, alikwenda nyumbani Asmara kuwaona mke na mtoto. Kazi hii ni ya kukaa mbali, miezi na miezi. Kulwa akifika huko, utamwona kwa nadra.

Ni ya hatari pia, nami sitakuficha. Sule Kangangi wa Kenya, nahodha wa Team Amani, timu ya waendesha baiskeli wa Afrika Mashariki, alifariki kwa kuanguka kwenye mbio za Vermont, Marekani, Agosti 2022. Nilihuzunika kama vile namjua. Zungumza na Mama Kulwa kuhusu hili kabla hamjanijibu.

Mwaka 2025 mashindano ya dunia yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Nilikaa siku nzima na Kulwa mbele ya televisheni. Kilometa 267.5 za kupanda na kushuka, wakaanza watu 165, wakamaliza 30. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda akiwa ametangulia peke yake. Kulwa hakumwangalia Pogačar. Alikuwa anawaangalia wale wa katikati ya kundi, anasogea karibu na kioo: "Ba'mdogo, ona huyu alivyopita, hajagusa breki." Hapo ndipo nilipoamini kwamba ameshaujua upungufu wake mwenyewe.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Baiskeli aliyonayo ni mtumba wa alumini, fundi wa Mwenge amembadilishia mnyororo na gia za nyuma, inatosha. Amalize kwanza mtihani wake wa ufundi umeme, hilo nimeshamwambia na amekubali. Kisha aende Arusha akae kwa shangazi yake. Kule kuna milima, ambayo Dar hatuna zaidi ya vilima vya Pugu, na kuna vijana wanaoendesha pamoja. Kila palipo na mashindano, Arusha, Mwanza, hata Rwanda ng'ambo ya Rusumo, apelekwe. Nauli, chakula, matairi na ada ya kujiandikisha, hivyo ndivyo vya kuuzia ng'ombe, tena mmoja mmoja kadiri inavyohitajika, si wote kwa mpigo. Mimi nitabeba matairi. Baada ya misimu miwili tukae tena tuangalie amefika wapi.

Na Doto naye aliniuliza kwenye simu kama wasichana nao wanashindana kwa baiskeli. Mwambie wanashindana: Kimberley Le Court wa Mauritius alishinda Liège–Bastogne–Liège ya wanawake, mbio za Ubelgiji, mwaka 2025, na mwaka huohuo akavaa fulana ya njano, ya anayeongoza, kwenye Tour de France ya wanawake.

Nijibu kabla Kulwa hajamaliza mtihani, ili nimjulishe shangazi yake mapema. Na ukipata mtu anayekuja huku, mpe matobolwa mengine, haya yaliyobaki hayafiki mwisho wa wiki.

Wako,
Baba Neema