Kaka, tisa inagawanyika

Kaka, shikamoo.

Najua utaisoma hii. Kila ninachoandika hapa unakisoma, kisha unamwambia dada hukukiona. Simu zangu hupokei, ujumbe unausoma na kunyamaza. Basi acha niseme mbele za watu, maana na wewe ulisema mbele za watu.

Chanzo cha ugomvi unakijua na sitakirudia. Mimi kilichonikaa ni pale mwanangu alipofuta jibu lake.

Ulimuuliza, "Haya, namba witiri ni nini?" Akafikiri. Akasema ni namba ambayo ukipanga vitu vyake viwiliviwili, kimoja kinabaki. Ukacheka kile kicheko chako. "Hapana. Witiri ni namba isiyogawanyika. Andika." Akauliza kwa adabu kabisa, "Mjomba, na 9 je? Si inagawanyika kwa 3?" Hukumjibu swali. Ulisema mtoto anayebishana na wakubwa hafiki mbali, watu wakaangua kicheko, naye akachukua ufutio akayafuta maneno yake mpaka karatasi ikatoboka. Sentensi yako akaiandika kuzunguka lile tundu. Daftari bado ninalo.

Ndipo niliposema niliyosema. Unadai nilikuvunjia heshima. Mimi nilisema tu kwamba tisa inagawanyika. Kama sauti ilipanda, ilipanda kwa sababu wewe ulikuwa bado unacheka.

Sasa tuliongee taratibu, kama zamani ulipokuwa wewe mwalimu na mimi mwanafunzi pekee. Sentensi yako ilikatwa mkia. Namba witiri ni ile isiyogawanyika kwa mbili ikatoa mafungu mawili sawa ya namba nzima. Ukiacha hayo maneno "kwa mbili", umeharibu kila kitu. 9 inagawanyika kwa 3, 15 inagawanyika kwa 3 na kwa 5, 21 kwa 3 na kwa 7, na zote ni witiri. Hata 7 utaigawa kwa mbili ukikubali nusu, kila upande tatu na nusu. Ulichokuwa nacho kichwani ni namba tasa, ile isiyo na vigawanyo vingine ila 1 na yenyewe. Hizo ni habari mbili tofauti. Namba tasa zote ni witiri isipokuwa 2, hilo ni kweli, na nadhani ndilo lililokuchanganya. Lakini si witiri zote zilizo tasa. Mtoto alilijua hilo kabla hujaketi.

Na ukitaka mkubwa wa kubishana naye, yupo. Euclid, Mgiriki aliyeandika kama miaka 300 kabla ya Kristo, katika kitabu cha saba cha kazi yake ya hesabu iitwayo Elements anaieleza witiri kwa njia mbili: ni namba isiyogawanyika katika sehemu mbili zilizo sawa, au ni namba iliyotofautiana kwa moja na shufwa, yaani namba ambayo vitu vyake vikipangwa viwiliviwili hakuna kinachobaki. Njia ya kwanza ndiyo uliyoikata mkia. Ya pili ni ile mtoto aliyoifuta.

Sikuandiki ili nikuaibishe. Wewe ndiye uliyenifundisha kuhesabu kwa kuruka, moja, tatu, tano, saba, huku unanipiga vidole magotini, na nikikosea unaanza upya bila kuchoka. Hukuniambia hata siku moja "andika nilivyosema". Ndiyo maana siku ile sikukutambua.

Tena nikwambie kwa nini jibu lake ni bora, si sahihi tu. Jibu la mtoto linafanya kazi. Mchukue mtoto yeyote anayeanza, umwonyeshe 358, huenda akakwambia ni witiri kwa kuwa ameona 3 na 5 mwanzoni. Au atasema 30 ni witiri kwa sababu ya ile tatu. Walimu wengi humwambia "angalia tarakimu ya mwisho, kama ni 1, 3, 5, 7 au 9 ni witiri," na wanaishia hapo, kana kwamba ni amri. Lakini kumi moja ni jozi tano kamili, hakuna anayebaki. Makumi yote ni jozi, mamia yote ni jozi, maelfu yote ni jozi. Kwenye 740,213 huna haja ya kujisumbua na mamia ya maelfu, yamekwisha kujipanga yenyewe. Kilichosalia kuamuliwa ni ile 3 ya mwisho tu. Hilo sikumfundisha mimi. Alilisema mwenyewe akiwa na vizibo mezani, baada ya mimi kumwacha avipange atakavyo.

Unakumbuka lile fumbo ulilotuma kwenye kundi la familia? Chukua namba tatu kati ya 1, 3, 5, 7, 9, 11, 13 na 15, ujumlishe upate 30, na unaruhusiwa kurudia. Mlikesha nalo. Yule mwingine (simtaji, anajijua) akaipindua 9 ikawa 6, akaandika 6 na 11 na 13, mkampigia makofi. Mimi nilimwonyesha mtoto. Akatazama kidogo, akasema haiwezekani. Kila namba kati ya hizo, alisema, ina mmoja aliyebaki. Ukizijumlisha tatu una waliobaki watatu. Wawili wanakutana wanakuwa jozi, wa tatu bado hana mwenzake. 30 haina mpweke. Kwa hiyo kesheni mpaka asubuhi, hamtaipata.

Kaka, huo ni uthibitisho. Hakujaribu mchanganyiko hata mmoja. Kwa njia hiyohiyo anajua kwamba witiri mbili zikijumlishwa huzaa shufwa, witiri na shufwa huzaa witiri, na ukiwa na witiri kumi na saba za aina yoyote jumla yake itakuwa witiri hata kabla hujazisoma. Sasa jaribu kupata hayo kutoka kwenye "namba isiyogawanyika".

Dada anasema nilikuwa namtetea mwanangu kupita kiasi. Yeye hakuwepo. Anasema pia eti nimemzuia mtoto asije kwako kusoma. Sikumzuia. Nilisema atakuja atakapopenda, na hajasema anapenda. Ningemlazimisha? Wewe mwenyewe ulikuwa ukiniambia hesabu haiingii kwa mtoto aliyenuna. Tena ushauri wangu kwako, na nautoa kwa heshima zote: mtoto akikupa jibu usilolitarajia, mwombe akuonyeshe kwanza. Mpe vitu avishike. Usikimbilie kanuni. Mimi ndivyo ninavyofanya nyumbani, na matokeo umeyaona, ingawa mliyacheka.

Kuna kitu nilitaka kukuonyesha siku ile kabla mambo hayajaharibika, na bado kinaniuma kwamba hukukiona, kwa sababu ungekipenda kuliko sisi sote. Weka kizibo kimoja. Kizungushie vitatu upande wa juu na wa kulia: umepata mraba wa wawili kwa wawili. Ongeza vitano vivyo hivyo, mraba wa watatu kwa watatu. Ongeza saba, mraba wa wanne kwa wanne. Jumla ya witiri za mwanzo daima ni mraba: 1, 4, 9, 16, 25. Witiri kumi za mwanzo, kuanzia 1 hadi 19, jumla yake ni 100, wala huhitaji kuzijumlisha moja moja. Mwanahisabati Francesco Maurolico wa Sicily alilithibitisha hilo katika kitabu kilichochapwa mwaka 1575. Galileo, mwanasayansi wa Italia, naye alizikuta witiri hizohizo katika kitu kilichoachiwa kianguke: gawa muda katika vipande vilivyo sawa, na masafa ya kila kipande yatakwenda kama 1, 3, 5, 7, mradi hewa isiingilie.

Lakini si hao niliotaka uwaone. Nilitaka uone mtoto alichokigundua kwenye ile saba ya mwisho. Ukiitazama pale ilipokaa, ni vitatu juu, vitatu pembeni, na kimoja kwenye kona. Akanigusa mkono akasema, "Mama, yule aliyebaki ndiye kona." Pande mbili sawa haziwezi kukutana bila yeye. Na kwa hiyo kila witiri, hata iwe kubwa namna gani, ni tofauti ya miraba miwili inayofuatana: 7 ni 16 ukitoa 9, 9 ni 25 ukitoa 16, 101 ni 2,601 ukitoa 2,500. Nilitaka kukuita. Nikakumbuka hatuongei.

Sifuri nisiisahau, maana nayo ulimkatalia. Ulisema sifuri si witiri wala shufwa, si kitu. Sifuri ni shufwa. Ukigawa kwa mbili unapata sifuri na sifuri, hakuna anayebaki. Iko kati ya -1 na 1, zote mbili witiri, na kwenye mstari wa namba witiri na shufwa zinapokezana bila kuruka. Ndiyo, -3 pia ni witiri. Hili halina mjadala, na wala sijui kwa nini tulilijadili.

Kama bado unataka witiri na tasa zikae pamoja, zipo zinapokutana, na ni mahali pa heshima. Mwaka 1742 mwanahisabati Christian Goldbach alimwandikia mwenzake Leonhard Euler barua kuhusu kujumlisha namba tasa. Kutokana na barua ile likabaki swali: je, kila witiri iliyozidi 5 ni jumla ya namba tasa tatu? 7 ni 2 na 2 na 3. 21 ni 3 na 7 na 11. Rahisi kujaribu, ngumu mno kuthibitisha. Mwaka 1937 Ivan Vinogradov alionyesha kwamba ni kweli kwa witiri zilizo kubwa vya kutosha, na ni mwaka 2013 tu ambapo Harald Helfgott alitoa uthibitisho wa zilizobaki. Zaidi ya miaka 270. Watu wazima, wenye akili zao, wamekaa muda wote huo na swali ambalo mpwa wako analielewa, na sidhani kuna aliyeambiwa aache kubishana.

Samahani, nimepandisha tena.

Sikuombi uniombe radhi mimi. Mimi na wewe tumegombana tangu utotoni na tutaendelea. Yeye ndiye anayesubiri, ingawa hasemi. Namba yangu haijabadilika, na siku hizi jioni simu anapokea yeye. Usimuulize witiri ni nini. Muulize kwa nini witiri mara witiri haiwezi kuzaa shufwa. Atakuambia uchukue mistari mitatu ya vizibo vitanovitano, kila mstari una mmoja aliyebaki, na ataendelea kutoka hapo. Jibu lake ni refu, kwa hiyo hakikisha una salio, na vizibo uwe navyo karibu, maana atataka kujua kama na wewe unapanga.