Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Teze za Damu Zifanyiwe Hapa

Wanachama wenzangu, baba na mama, na ninyi vijana wa utabibu mliokuja kwa wingi,

Mambo ya kawaida ya mwaka yamo katika karatasi mliyopewa mlangoni: michango, kutembelea wagonjwa, siku ya tarehe 19 Juni. Maswali ya pesa mweka hazina atayajibu mwenyewe. Zamu yangu naitumia kwa jambo moja: nani atafanya teze ya uzamivu juu ya damu ya watoto wetu wa SS hapa Lubumbashi, yaani wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na ataifanyia wapi.

Uwezo upo nchini Kongo. Kinshasa walipima watoto wachanga zaidi ya 31,000, na matokeo ya mwaka 2009 yakaonyesha kwamba karibu 1.4 kwa kila mia wamezaliwa na selimundu, na karibu 17 kwa mia ni AS, yaani wamebeba jeni moja tu na hawaugui. Halafu ukaja utafiti wa REACH: watoto zaidi ya 600 wa Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale walimeza hidroksiyurea, dawa ya selimundu, kila siku. Wengi walihofia dawa hiyo ingewafungulia mlango malaria. Ikawa kinyume: matokeo yalipotoka mwaka 2019, maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo, vyote vilikuwa vimepungua. Jina la kwanza kwenye chapisho ni la Mkongo, Profesa Léon Tshilolo.

Kwa hiyo vijana, nafasi tafuteni. ARES, umoja wa vyuo vikuu vya Ubelgiji ya Kifaransa, katika miradi yake ya utafiti, hulipia teze ambazo mwanafunzi hugawa muda kati ya chuo cha huko na cha kwao. Hiyo ndiyo njia ninayoipenda. Nafasi za uzamivu za Marie Skłodowska-Curie za Umoja wa Ulaya haziangalii uraia. Mara nyingi zinataka tu uwe hujaishi katika nchi unayokwenda zaidi ya miezi 12 ndani ya miaka 3 iliyopita, na unalipwa mshahara kama mfanyakazi. Dar es Salaam msiisahau: Muhimbili wana mpango wa selimundu tangu 2004, na wodini mtaongea na wagonjwa Kiswahili, hata kama teze yenyewe itaandikwa Kiingereza. (Kiingereza anzeni sasa. Kifaransa peke yake kitawafungia milango mingi.)

Lakini usimwandikie promota, profesa atakayesimamia teze yako, ukiomba bursi tu. Mpelekee swali. Kila mtu siku hizi anataka kusomea urekebishaji wa jeni, kwa sababu Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba hiyo mwishoni mwa 2023. Ni kazi kubwa, sikatai, ila bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na umeme wetu mnaujua. Maswali ya hapa yanangoja. Mtoto aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza kutengeneza antibodi dhidi ya damu za watu wengine. Tukilinganisha ABO na Rhesus peke yake, antijeni nyingine, yaani alama za chembe za damu kama Kell, hatuzioni. Ni watoto wangapi wa Lubumbashi wamefika huko? Tena wagonjwa wetu wengi wana aina ya Bantu ya jeni ya SS, ambayo kwa kawaida huacha kidogo mwilini hemoglobini ya kitoto, ile ya tumboni mwa mama inayopunguza makali ya ugonjwa. Hidroksiyurea huipandisha hemoglobini hiyohiyo. Je, kwa watoto wa Katuba na Ruashi kipimo gani cha dawa kinatosha? Hiyo ni teze nzima.

Komite inapendekeza tuwafungulie watafiti daftari letu la wagonjwa, kwa ridhaa ya kila mzazi na baada ya kibali cha kamati ya maadili. Masharti yetu ni matatu: sehemu ya kazi ya maabara ifanyike mjini humu, mtu wa hapa afundishwe kutumia mashine, na matokeo yaelezwe kwa wazazi kwa Kiswahili. Chupa za damu kupanda ndege peke yake, tumechoka nazo.

Tutapiga kura baada ya mapumziko. Wanaotaka kusomewa dosie zao za kuomba nafasi kabla ya kuzituma waandikishe majina kwa katibu, na waje na swali lao limeandikwa kwenye ukurasa mmoja.