Friza yako inakula stima ngapi? Hesabu ya hapa Kisumu

Swali tunaloulizwa sana hapa Kibuye, hata kabla mtu hajauliza bei ya friza yenyewe, ni kama italeta shida kwa tokeni. Na wale wanaoleta za kutengeneza malalamiko yao ni hayo hayo, ati tokeni ya elfu moja ilikuwa inasukuma karibu mwezi na sasa hata wiki mbili haifiki. Kwa hivyo wacha tuifanye hii hesabu polepole.

Chukua friza ya kawaida ya kufunguka juu, ile ya lita mia moja na kitu ambayo akina mama wengi wanaweka samaki na barafu za kuuza. Ukisoma stika yake ya nyuma utapata imeandikwa wati 100 hivi. Watu huzidisha hiyo 100 mara saa 24, wanapata 2,400, na kwa sababu uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja hiyo ni uniti 2.4 kwa siku, wanaogopa, lakini kompresa, ile mota inayosukuma gesi ya baridi, haifanyi kazi saa zote 24, inanguruma mpaka ifike baridi uliyoiwekea, inajizima, joto likianza kupanda tena inawaka. Ikifanya kazi nusu ya siku na nusu ipumzike ni uniti 1.2, mwezi mzima kama 36. Ikikosa kupumzika kabisa ni 72. Friza ni ile ile, wati ni zile zile, na bili imekuwa mara mbili. Ndio maana sisi kastoma akilia stima hatuanzi na wati, tunauliza, ukiwa umelala usiku unaisikia ikinyamaza?

Bei ya uniti usiulize jirani. Fungua meseji yako ya tokeni, chukua pesa ulizotuma ugawe na uniti ulizopata, hiyo ndiyo bei yako pamoja na VAT na tozo zote. Tuseme imekuja 30, basi uniti 36 ni 1,080 kwa mwezi na uniti 72 ni 2,160.

Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hawajaambiwa na linaumiza sana. Bei ya stima ya nyumbani Kenya iko kwa makundi: wanaotumia mpaka uniti 30 kwa mwezi, wa 30 mpaka 100, na wanaopita 100, na kundi lako linapangwa kwa wastani wa miezi mitatu. Sasa wewe ulikuwa unatumia 75, umenunua friza, umefika 111. Hujalipia hizo 36 peke yake, umehama kundi, na hata zile 75 za zamani sasa unanunua kwa bei ya juu. Hapo ndipo mtu anasema mita imeharibika na mita haina shida. Kwa nyumba kama hiyo kupunguza uniti 12 tu kunaweza kukurudisha chini ya 100, kwa hivyo haya mambo madogo tunayosema hapa chini si madogo.

La kwanza ni mpira wa mlango, na hili ndilo tunakuta mara nyingi kuliko yote. Weka tochi ya simu ndani ikiwa inawaka, funga friza, zima taa za chumba, chungulia pande zote. Ukiona mwanga unapenya, baridi inatokea hapo hapo. Ama bana noti ya hamsini kwa mlango uivute, ikitoka bila kushikwa huo mpira umechoka. Wakati mwingine haujakufa, umeganda tu na mafuta ya samaki na uchafu kwa mikunjo, uoshe na maji ya vuguvugu na sabuni, ukauke, jaribu tena kabla hujatumia pesa.

La pili ni mahali umeiweka. Kisumu si Nakuru, joto la mchana hapa linafika 30 kwa urahisi, na nyumba ya mabati bila silingi inapita hapo. Friza nyingi za kufunguka juu zinatolea joto kwa kuta zake za nje, ndio maana ukizishika pembeni zina vuguvugu, na hiyo si ugonjwa. Ugonjwa ni kuisukuma mpaka iguse ukuta, kuivalisha kitambaa kizito mpaka chini, ama kuiweka karibu na jiko. Iachie nafasi ya kiganja kila upande, joto lipate pa kwenda.

Barafu ikishika kuta za ndani zaidi ya nusu sentimita, zima uyeyushe. Tafadhali sana usichokore na kisu, paipu za gesi zinapita nyuma ya huo ukuta na tundu moja tu gesi yote inatoka, tunaona friza nzuri zinakufa hivyo na inauma. Themostati, ile ya kuzungusha kuweka kiasi cha baridi, nayo si lazima ikae kwa namba ya juu kama 7, ukitaka tu samaki wagande vizuri nyuzi 18 chini ya sifuri zinatosha. Na supu ya moto wacha ipoe kwanza.

Kama unataka kujua yako inakula ngapi hasa, zima kila kitu ubaki na friza peke yake, angalia ile taa nyekundu ya mita inayopepesa. Kama mita imeandikwa 1000 imp/kWh, mipepeso elfu moja ni uniti moja, na friza ya wati 100 kompresa ikiwaka itapepesa mara moja kila sekunde 36 hivi. Ikizima, taa nayo inatulia. Kaa hapo saa moja na saa ya simu, andika imewaka dakika ngapi na imepumzika ngapi.

Ukitupigia, tutumie hizo dakika pamoja na picha ya stika. Kama inapumzika vizuri tutakwambia friza haina kosa, tafuta pasi ama hita ya kuoga. Kama haipumziki na mpira uko sawa, hapo tunakuja na geji tupime gesi, maana gesi ikipungua kompresa inanguruma siku nzima na samaki bado ni laini.