Malalamiko kuhusu makabati mliyofunga kwenye Prado yangu

Meneja wa Karakana,
Arusha.

10 Machi 2025

Ndugu Meneja,

YAH: MAKABATI YA BUTI YALIYOTENGENEZWA KINYUME NA ODA NA YANAYOHATARISHA ABIRIA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni daktari wa mifugo, mteja wenu niliyeleta Prado mwezi Januari ili mnitengenezee makabati ya kuhifadhia vifaa vya kazi. Nililipa shilingi 4,600,000. Risiti ya EFD ninayo, na oda iliyosainiwa na fundi wenu mkuu ninayo pia. Nimeshapiga simu, nimeshafika ofisini, na kila mara naambiwa nilete gari "tuliangalie". Gari limeangaliwa vya kutosha. Sasa naomba jibu la maandishi.

Kwanza mfahamu gari hili linafanya kazi gani, maana naona hapo ndipo mlipopotea. Si gari la watalii linaloondoka na mizigo na kurudi baada ya wiki kupakuliwa. Asubuhi linapeleka watoto shule. Likitoka hapo linakwenda Monduli au Longido, kwenye maboma, kuchanja ndama na kutibu. Jioni linapita soko la Kilombero kununua mboga. Usiku linalala nyumbani na vifaa vyake vyote ndani, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kupakua na kupakia buti nzima kila siku ya Mungu. Ndiyo maana niliandika kwenye oda, kwa mkono wangu, kwamba vitu vizito vikae chini na mbele, vikiegemea mgongo wa kiti cha nyuma. Juu ya mgongo huo pawe na wavu wa chuma hadi darini. Jeki na spana za gari zifikiwe bila kupakua kitu. Na mtungi wa naitrojeni, ninaohifadhia chanjo, uwe na sehemu yake inayopitisha hewa. Fundi wenu alisoma, akasema, "Sawa Dokta, hiyo kazi ndogo," akasaini.

Nianze na lililoninyima usingizi. Jeki ndefu ya kunasulia gari ina kilo kama 13 za chuma kitupu. Nyinyi mmeiweka juu kabisa ya kabati, usawa wa shingo ya mtu aliyekaa kiti cha nyuma, mkaishikiza kwa vibanio viwili vya plastiki. Wavu hamkuweka kabisa. Mwezi uliopita nikitoka Longido kwenye lami ya Namanga, punda alikatiza barabara, nikakanyaga breki. Sikugonga kitu. Lakini kibanio cha mbele kiling'oka na skrubu zake, jeki ikaruka juu ya mgongo wa kiti na kutua kiti cha kushoto, ikachana kitambaa na kupasua plastiki ya mlango. Hicho ndicho kiti anachokaa binti yangu asubuhi. Siku hiyo nilikuwa na msaidizi wangu tu, naye alikaa mbele. Zile skrubu nimezihifadhi. Zina urefu wa milimita 16, na mlizikaza kwenye ubao wa MDF, ule wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, wala hazikugusa chuma popote.

Nilipomwonyesha fundi wenu picha alisema ni bahati mbaya. Si bahati mbaya. Gari likisimama ghafla, kila kisichofungwa kinaendelea na mwendo uleule ambao gari lilikuwa nao, na kwenye ajali ya kilometa 50 kwa saa kitu kilicholegea kinampiga mtu kwa nguvu inayozidi uzito wake mara makumi. Anayejenga makabati ndani ya magari alitakiwa awe analijua hili kabla hajashika msumeno.

La pili ni mtungi, na hapa naomba msome polepole. Chanjo ya ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, haikai kwenye friji kama chanjo nyingine. Inakaa ndani ya mirija iliyozamishwa kwenye naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na ikishayeyushwa hairudishwi tena kwenye baridi: itumike ndani ya saa chache au imwagwe. Mtungi wangu ni wa lita 10. Kizibo chake hakikazwi, na kimetengenezwa hivyo kwa makusudi, kwa sababu naitrojeni inachemka kidogo kidogo muda wote na gesi yake lazima itoke. Lita moja ya kimiminika inatoa karibu lita 700 za gesi. Haina rangi wala harufu, na ikijaa ndani ya gari lililofungwa vioo inaondoa hewa ya kupumua bila mtu kushtuka.

Haya yote nilimweleza fundi wenu, mtungi ukiwa mbele yetu. Nilimwonyesha hata namna kizibo kinavyoelea. Mkanitengenezea sanduku lenye raba pande zote ili vumbi lisiingie, halina tundu hata moja la kutolea gesi chini ya gari, na ni fupi kiasi kwamba mfuniko ukifungwa unakikalia kizibo na kukikandamiza. Kilichotakiwa kupumua ndicho mlichokiziba. Mtungi ukizibwa hivyo presha inapanda ndani yake. Na ukivuja, sanduku liko kwenye chumba kimoja na watoto wangu. Kwa sasa mfuniko nimeung'oa, mtungi unasafiri umefungwa kwa mikanda, vioo vya nyuma viko wazi, na vumbi lote la njia ya Engaruka linaingia ndani.

Kuhusu jeki ya gari lenyewe. Toyota waliiweka nyuma ya kifuniko cha pembeni kwenye buti. Kabati lenu limepita mbele ya kifuniko hicho na kukibana, hivyo ili nibadilishe tairi sharti friji itoke, droo zote zitoke, kisha ubavu wa kabati ufunguliwe kwa bisibisi. Pancha ilinikuta upande wa Kitumbeine asubuhi, wakati wafugaji walikuwa wamezuia ndama bomani wakinisubiri. Tukapanga vifaa vyote chini ya mgunga kama wauza mitumba, tukafungua skrubu moja moja. Tulipofika bomani ng'ombe walikuwa wameshaondoka malishoni na ndama wao, na baba wa boma aliniuliza kwa upole kama siku nyingine nitakuja kweli. Mfugaji akipoteza imani na siku uliyomwahidi, safari ijayo hazuii ndama. Hilo mimi ndiye ninayelilipia.

Mengine ni ya kila siku. Mmelisukuma kabati mbele hadi likagusa kiti cha nyuma, na mgongo wa kiti haulali tena hata kidogo. Watoto wanakaa wima kama wako kwenye benchi. Hakuna nafasi ya begi la shule wala kapu la sokoni isipokuwa mapajani. Kwenye matuta droo zinalia mpaka walinzi wa shule wanajua nimefika. Droo ya hereni za ndama, sindano na glavu inafunguka yenyewe gari likipanda mlima, kwa sababu mmetumia reli za kabati la jikoni zisizo na komeo. Reli za jikoni hubeba mzigo wa vyombo, tena ndani ya nyumba isiyotikisika. Hazikutengenezwa kubeba dawa, minyororo na spana kwenye barabara ya vifusi.

Oda inasema plaiwudi ya marine, ile inayohimili maji, ya milimita 12. Mlichoweka ni milimita 18 kwa mbavu na MDF kwa sakafu za droo. Karatasi moja nzima ya milimita 18 inazidi kilo 30, na hapo hamkutumia moja. Gari limeinama nyuma hata kabla sijaweka kitu. Hiyo MDF imeshavimba kingo baada ya gari kuoshwa. Tena mmefunga kabati zima kwa skrubu zilizotobolewa kwenye bati la sakafu, ncha zake zinaonekana ukilala chini ya gari na zimeanza kushika kutu, ilhali matundu ya bolti za viti vya safu ya tatu mlivyoving'oa wenyewe yapo palepale, yenye nati za kiwandani, yakiwa tupu. Hilo limeniuma kuliko mengi, kwa sababu lilikuwa jambo jepesi.

Kwa haki niseme kwamba reli ya friji mliifunga vizuri. Imefungwa kwa bolti kwenye chuma, ina komeo, haijalegea, na chanjo zangu za nyuzi 2 hadi 8 zimekuwa salama. Maana yake mnao fundi anayejua kazi. Sijui kwa nini hakukabidhiwa na yaliyobaki.

Ninachodai ni hiki. Mliondoe kabati lote na mlijenge upya kwa vipimo vya oda, likifungwa kwenye matundu ya bolti za viti, likiwa na wavu, reli zenye komeo, na nafasi wazi mbele ya kifuniko cha jeki. Sehemu ya mtungi iwe wima, iwe na mikanda, na iwe na tundu la kutolea gesi nje ya gari. Mchoro wake nitauchora mwenyewe na kuwaletea. Matundu mliyotoboa kwenye sakafu yazibwe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu. Kiti na mlango vilivyoharibiwa na jeki vitengenezwe kwa gharama zenu. Kazi hiyo isimamiwe na yule fundi aliyefunga reli ya friji. Kama hamuwezi, nirudishiwe fedha zangu zote na gari lirudi kama lilivyokuja, viti vya safu ya tatu vikiwemo, ambavyo hadi leo viko stoo kwenu.

Nawapa siku 14 tangu kupokea barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi nitapeleka oda, risiti, picha na zile skrubu Tume ya Ushindani, ambayo kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inasimamia pia haki za mlaji.

Barua hii naileta kwa mkono, nakala mbili. Naomba moja ipigwe mhuri wa kupokelewa na nirudishiwe papo hapo. Namba yangu ya simu iko kwenye oda.

Wenu,

Daktari wa Mifugo,
Sakina, Arusha.